Marehemu Ananguruma

Haya sogeeni, wajukuu zangu, aliye na chungu jikoni akapunguze moto kwanza, maana hadithi hii ikishaondoka hairudi kumchukua aliyesahau kigoda.

Palikuwa na nchi ikiitwa Taratibu. Msiitafute, haipo, na mkiona inafanana na mahali mnapopajua, hayo ni macho yenu, kayaosheni. Nchi nzuri, nawaambia. Mvua ilinyesha, mihogo ilizaa, watu walicheka. Ila ilikuwa na ugonjwa mmoja, ilipenda ruhusa. Ukitaka kuchimba choo, ruhusa. Ukitaka kukifukia, ruhusa, na uje na cheti kwamba kilitumika. Majogoo wa Taratibu walikuwa wakiwika jua limeshapanda, kwa sababu kibali chao cha alfajiri kilikuwa kinachelewa kutoka wilayani.

Kitu kimoja tu hakikuhitaji ruhusa, nacho ni msiba. Walijaribu. Walitunga sheria kabisa, kwamba asizikwe mtu bila kibali. Bahati mbaya aliyekuwa wa kwanza kufa ni mama mkwe wa waziri aliyeitunga. Kibali kikachelewa, na kipindi kile kilikuwa cha joto. Sheria ikafutwa mchana uleule. Tangu hapo ikawa maiti haizuiliwi getini, haitozwi kitu, haiulizwi inakwenda wapi. Likumbukeni hilo, mimi nisije nikalisahau.

Basi huko milimani palikuwa na kijiji. Kila mwaka watu wake walikuwa wanauliza, hospitali yetu itajengwa lini? Serikali inawajibu, "Kwani si iko ya bondeni? Nendeni hukohuko." Mpaka kijiji kikaitwa Hukohuko. Barabara walikuwa nayo, waliichonga wenyewe kwa majembe. Gari ndilo hawakuwa nalo. Mgonjwa alikuwa anafungwa kwenye kitanda cha kamba, wanaume wanne wanamshusha mlima, huyu akiteleza na yule anateleza.

Milembe alikufia kwenye kitanda hicho, na mtoto tumboni. Aliacha binti mdogo, Kabula. Dada yake Milembe, Bi Nyamizi, alizika, akafuta machozi kwa ncha ya khanga, akasema neno moja tu: "Basi." Akaondoka akaenda ng'ambo, kuogesha wazee wa watu na kuwalisha uji, miaka na miaka, mpaka na yeye akawa wa kuitwa bibi.

Huko ng'ambo alinunua gari. La bluu, refu, lenye nyuma pana. Siku ya kulinunua alifungua mlango wa nyuma akajilaza chali akanyoosha miguu. Mwenye duka akadhani kazimia, akakimbilia maji. Kumbe mwenzake anapima. Alipoona kichwa hakigongi na miguu haijikunji, akainuka akalipa. Akaliita Milembe.

Na alikuwa na haraka. Kabula, yule binti, sasa alikuwa mke wa mtu huko Hukohuko, na tumbo lake lilikuwa kubwa. Kila akipiga simu sauti ilikuwa ileile: "Mama mkubwa, umefika wapi?"

"Niko njiani, mwanangu. Wewe usibebe maji."

*

Meli ikatia nanga, gari likashushwa, na Bi Nyamizi akalikuta limefungwa mnyororo kama mbwa mkali, mbele ya ofisi yenye kibao kirefu kuliko ofisi yenyewe: Idara ya Umri na Tabia za Vyombo Vitokavyo Nje.

Mkubwa wa pale aliitwa Kamishna Mahimbo. Mtu mfupi, kitambi cha heshima, tai imemfika hadi kwenye mapaja. Alikuwa haongei, alikuwa anahutubia. Hata akiagiza chai anahutubia.

"Mama," akasema, "taifa linakukaribisha. Taifa linafurahi. Lakini taifa lina maswali. Sheria inamruhusu raia anayerudi nyumbani kuingiza gari moja la binafsi. Sasa, taifa litajuaje kwamba gari hili ni lako binafsi? Linakujua?"

"Gari linijue mimi?"

"Mbuzi wako hakujui? Kuku wako hakujui? Liite tuone."

Makarani wakaacha chai wakatoka nje. Bi Nyamizi akaona hawa watu hawatanii. Akaingiza mkono kwenye mkoba, ule ufunguo una kidude chake cha kubonyeza, akaita kwa sauti ya kumwita mtoto aliyeko mtoni: "Milembeee!"

Gari likapiga honi mbili na kuwasha taa.

Karani mmoja akakimbilia ndani akaruka juu ya meza. Mwingine akasoma dua. Kamishna alirudi nyuma hatua kadhaa, halafu akakumbuka cheo chake, akarudi mbele.

"Linaitika," akamwambia mwandishi wake. "Lakini linaitikia kwa lugha ya kigeni. Andika hivyo. Sasa twende kwenye umri. Lina miaka mingapi?"

"Saba, baba."

"Tangu lini?"

"Tangu litengenezwe."

Kamishna akacheka, kile kicheko cha mtu aliyesomeshwa na serikali. "Wewe mama umri wako unauhesabu tangu ulipovalishwa nguo? Kutengenezwa ni kuvalishwa tu. Mimi nauliza chuma. Chuma hiki kilichimbwa lini?"

"Nitajuaje, baba? Chuma kaumba Mungu."

"Umesema mwenyewe! Mwandishi, andika. Umri wa gari, tangu kuumbwa kwa dunia. Mwisho wetu kisheria ni miaka minane. Limezidi."

Pembeni yao, kutoka meli ileile, lilikuwa linateremshwa gari jingine, jeusi, kubwa kama nyumba ya vyumba viwili, linang'aa mpaka unaona meno yako. Bi Nyamizi akalinyooshea kidole.

"Na lile?"

"Lile la Mheshimiwa Waziri wa Vyombo na Vipando."

"Chuma chake kaumba nani?"

"Mama, magari ya waheshimiwa hayana umri. Yana cheo."

Bi Nyamizi akaona hapa pana mgonjwa. Huko ng'ambo aliwahi kumuuguza mzee mmoja aliyekuwa anaamini yeye ni treni, na hata yule alikuwa na nafuu. Akasema, "Sikilizeni. Mimi sitaki cheo. Kuna mtoto wangu mlimani ana mimba. Mama yake tulimtoa kule juu ya kitanda cha kamba, akafia njiani. Nipeni gari langu niende."

"Taifa linakuonea huruma," Kamishna akasema. "Ndiyo maana hatukunyang'anyi tu hivihivi, tunafuata utaratibu. Mwiteni Mganga Mkuu."

Akaja bwana mwembamba wa koti jeupe. Bi Nyamizi, kwa kiburi, akaingia ndani ya gari akaliwasha, wasikie wenyewe. Mganga akainama, akalaza sikio kwenye boneti. Humo ndani injini inanguruma kama paka aliyeshiba dagaa. Akainuka, akavua miwani.

"Amefariki."

"Amefariki nini! Husikii ananguruma?"

"Ndugu wa marehemu wote huwa wanasema hivyo mwanzoni," Mganga akasema kwa upole, akamshika bega. "Pole sana, mama."

Makarani wote wakavua kofia. Kamishna akapiga muhuri, puu! Gari limefariki kwa uzee, keshokutwa litapelekwa kwenye mashine likapondwe liwe kama mkate. Simu ya Bi Nyamizi ikalia palepale. "Mama mkubwa, umefika wapi? Kiuno kimeanza kuniuma."

Bi Nyamizi akautazama ule muhuri. Alisema tu, "Nakuja," akaikata.

*

Nje ya geti la bandari alikuwa anakaa Bi Sikudhani, mwanamke mkubwa wa mwili na mkubwa zaidi wa mdomo, anauza chai ya tangawizi na mihogo ya kuchemsha. Alimwona Bi Nyamizi anatoka kichwa kimeinama, akamwuliza kwao wapi. Kusikia Hukohuko, akapiga kofi mapaja yake.

"Kumbe mtumwa wangu! Nyie wala panya wa milimani mmeanza lini kupanda meli?"

Msishtuke, wanangu. Watu wa milimani na watu wa bondeni ni watani. Zamani walipigana sana, wakaibiana ng'ombe, mpaka wakachoka, wakapatana, na mapatano yao ndiyo huo utani. Mtani akikutukana, cheka. Akichukua kuku wako, mpe na chumvi. Na ukifiwa, kazi yote ni yake. Yeye ndiye anayechimba kaburi, yeye anayebeba, yeye anayechekesha wafiwa wasizimie. Mtani akimkatalia mtani wake msibani, huo ni mwiko, atatokwa na matezi ya shingo, yeye mpaka wajukuu.

Bi Nyamizi alijaribu kujibu utani, "Nyie wezi wa ng'ombe mnaonuka tope," lakini sauti ikakatika katikati. Bi Sikudhani akamsukumia kikombe. "Kunywa kwanza. Halafu niambie nani kakufanya mtani wangu ulie. Kukuliza ni kazi yangu mimi."

Akahadithiwa yote. Honi, chuma, muhuri. Bi Sikudhani akaacha chai ichemke mpaka ikamwagika, jambo ambalo halijawahi kuonekana pale getini.

"Wamesema kafa?"

"Wamesema kafa. Wamevua na kofia."

"Na jina lake Milembe, kama marehemu mdogo wako."

"Ndiyo."

"Sasa mbona hamlii?"

Bi Nyamizi akaweka kikombe chini. Wakatazamana. Wanawake wawili watu wazima, mmoja wa mlimani na mmoja wa bondeni, wakatazamana hivyo, halafu Bi Nyamizi akasimama, akafunga khanga kiunoni kwa mafundo mawili.

"Kweli," akasema. "Wameniua mtu wangu halafu sijalia. Mimi nataka maiti yangu."

*

Siku ya gari kwenda kupondwa, asubuhi, palipigwa ukelele getini mpaka kunguru wote wa bandari wakahama. Turubai limesimamishwa, mikeka imetandikwa, kahawa inachemka. Watu wa bondeni wamekuja kwa malori ya mahindi, maana Bi Sikudhani alituma neno kwamba mtani kafiwa, na kwa jambo hilo hawaulizi mara mbili. Wengine walikuwa wamevaa magunia, wengine suruali nyuma-mbele, kama watani wafanyavyo msibani. Kijana mmoja kajifunga kamba ndefu shingoni kama tai, mto umejazwa tumboni, anahutubia: "Taifa linasikitika! Taifa lina maswali! Uji huu umechimbwa lini?"

Kamishna akatoka mbio. "Nini hiki? Nani kawapa kibali?"

"Msiba hauna kibali," Bi Nyamizi akasema. Alikuwa amekaa chini, miguu kainyoosha, kichwani kitambaa cheusi. "Nimefiwa na Milembe. Muhuri wako huu hapa. Nipe maiti nikazike kwetu."

"Hilo ni gari!"

"Lilikuwa gari. Ukaliua wewe."

"Mama, usinichezee. Mimi ni serikali."

Hapo Bi Sikudhani akainuka, na akiinuka yule ni kama jua limeingia wingu. "We Mahimbo! Si mtoto wa Mzee Mahimbo wa kule kwenye mto, aliyekuwa anafuga bata? Baba yako nimemchapa utotoni kwa kuniibia miwa. Wewe ni mtu wa bondeni! Huyu ni mtani wako, kafiwa, na wewe badala ya kubeba jeneza umesimama unashika kiuno?"

Watu wa bondeni wakaguna wote kwa pamoja. Mmoja akasema, "Matezi hayo." Kamishna akajishika shingo bila kujua.

Wakapita. Hakuna aliyewazuia, makarani wenyewe walikuwa wanalia, maana kilio kinaambukiza kama miayo. Wakakata mnyororo, wakalifunika gari shuka jeupe, wakaacha kioo cha mbele. Bi Nyamizi akaingia akashika usukani, akaliwasha.

"Hapana!" Kamishna akapiga kelele. "Maiti haijiendeshi!"

"Kwani wewe umeshawahi kufa ukaona?" Bi Sikudhani akamuuliza.

Gari likafika getini, na geti limefungwa. Kamishna kalikumbatia geti kwa mikono miwili, tai inapepea. Na wakati huohuo, upande wa pili wa geti, likasimama lile gari jeusi lenye cheo. Mheshimiwa Waziri alikuwa anapita zake. Sasa mjue, uchaguzi ulikuwa umekaribia, na kiongozi wa Taratibu akiona watu wengi wamevaa nguo za msiba hawezi kupita, ni kama nzi na embe. Hakuuliza nani kafa. Akashuka, akakunja uso, akapewa kipaza sauti.

"Ndugu wafiwa! Nilimfahamu marehemu. Nilimfahamu kwa karibu. Alikuwa mchapakazi. Hakuchagua njia, penye tope alipita, penye mawe alipita. Aliwabeba wengi. Ameacha pengo lisilozibika!"

Chini ya shuka, Bi Nyamizi akakanyaga mafuta kidogo. Vruum.

"Hata sasa," Waziri akasema, akifumba macho, "ni kama naisikia sauti yake."

Watani wakaanguka chini kwa kicheko, na yeye akadhani ni uchungu. Kamishna akamsogelea sikioni, "Mheshimiwa, samahani, huyu marehemu ni..."

"Kamishna, geti limefungwa na maiti iko mbele yako. Wewe ni mtu wa namna gani? Fungua! Na pikipiki zangu mbili ziwasindikize, kwa gharama ya serikali."

Geti likafunguka.

*

Ehe, basi hapo ndipo mngewaona. Pikipiki mbele zinapiga king'ora, gari la bluu chini ya shuka, malori ya watani nyuma wanaimba matusi. Kila kizuizi cha barabarani askari anasimama wima, anavua kofia. Hakuna aliyeomba karatasi. Nani aombe karatasi kwa maiti?

Walipofika kwenye kona ya mwisho kabla ya Hukohuko, waliona wanaume wanne wanashuka na kitanda cha kamba.

Bi Nyamizi alikijua kile kitanda hata kabla hakijakaribia. Alikanyaga breki, shuka likaanguka, akatoka bila kufunga mlango. Kabula alikuwa juu ya kitanda, jasho, midomo mikavu.

"Mama mkubwa, umefika wapi?" akauliza, kama yuko kwenye simu.

"Nimefika hapa, mwanangu. Hapa."

Wakamwingiza nyuma. Kichwa hakikugonga. Miguu haikujikunja. Bi Sikudhani akajibana pembeni yake, akamshika mkono, akaanza kumtukana ukoo mzima mpaka mwenye uchungu akawa anacheka na kulia pamoja. Waendesha pikipiki wakatazamana, wakauliza, "Sasa mama, hii ni maiti au uzazi?"

"Geuzeni hizo pikipiki," Bi Nyamizi akasema, "mtauliza tukifika."

Wakageuza. Mlima wote ukashukwa kwa king'ora cha Waziri. Mtoto alizaliwa hospitalini, wa kike, sauti yake ilizizidi pikipiki. Jina nadhani mnalijua.

*

Lakini serikali haisahau, inachelewa tu. Kamishna Mahimbo akapanda mlima na askari wawili na karatasi mkononi. Sheria inasema marehemu azikwe, tena mbele yake, ashuhudie.

"Sawa kabisa," Bi Nyamizi akasema. "Na sisi tunataka kuzika. Ila kwetu kaburi linachimbwa na mtani. Jembe hilo hapo, baba."

Kamishna akalitazama jembe. Akautazama umati. Akajipapasa shingo. Akachimba. Kaburi la gari si mchezo, wanangu. Alichimba na tai yake, akaivua tai, akavua shati, malengelenge yakaota yakapasuka, watoto wa Hukohuko wanampigia makofi. Jua linaelekea kuzama, shimo likatosha. Akapanda juu anahema. "Leteni marehemu!"

Bi Sikudhani, aliyepanda mlima kwa mazishi, akaruka ndani ya shimo na kigoda chake, akakaa.

"Hazikwi mtu hapa," akasema, "mpaka mtani nikombolewe."

Na hiyo ndiyo mila, mtani akiingia kaburini hatolewi kwa nguvu, anapewa anachotaka. Kamishna mwenyewe mtu wa bondeni, alilijua hilo tangu tumboni. Akauliza kwa unyonge, "Shangazi, unataka nini?"

"Nataka gari. Tena lisiwe na umri. Liwe na cheo, kama lile la Waziri. Niletee, nami nitoke, mzike."

Kamishna alifungua mdomo ahutubie. Hakuna kilichotoka. Kwa mara ya kwanza taifa halikuwa na la kusema.

Alipogeuka aondoke, gari lake la serikali likakataa kuwaka. Chuma chake labda kilikuwa kipya mno kwa mlima ule. Giza linakuja, njia ndefu, mikono imechubuka. Bi Nyamizi akaliwasha lile la bluu, akalisogeza mpaka alipo, akateremsha kioo.

"Panda, baba. Marehemu hana kinyongo. Ila tukifika kwenye kizuizi, ulie kama mfiwa."

Akapanda nyuma na askari wake. Na askari wa kizuizini wanasimulia mpaka leo, kwamba misiba wameiona mingi, lakini hakuna aliyewahi kumlilia Milembe kwa sauti kama yule bwana asiye na shati.